Ufunguo Mzuri Kupita Kiasi

Mafundi funguo wote wa mjini walikuwa wamesema neno moja: si sisi. Wa mwisho wao, mzee mwenye kibanda nyuma ya soko, aliugeuza ufunguo ule kiganjani, akauinua kwenye mwanga, akaunusa hata, halafu akamrudishia Inspekta kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mimi nachonga funguo tangu ndevu hazijaniota," alisema. "Huu haukupitiwa na tupa, wala mashine yangu haiuwezi. Nenda karakana ya Mama Chuma. Kama haukutoka kwake, basi umeshuka na mvua."

Ndivyo Inspekta alivyojikuta asubuhi ile kwenye lango la karakana, yeye na Sajini wake mnene aliyebakiza miezi michache astaafu. Kituoni walimwita Inspekta huyu Kupe, ingawa si mbele ya uso wake. Mwanamke mwembamba, mpole wa maneno, lakini akishakung'ang'ania, labda umchome moto ndipo akuachie.

Na leo alikuwa na sababu ya kung'ang'ania. Kwenye stoo ya dawa ya hospitali kulikuwa na kabati la chuma lenye kufuli ya aina yake, ufunguo wenye mifereji na vishimo pande zote, ambao waliouza kabati waliapa hauwezi kunakiliwa. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na aliuvaa mtunza stoo shingoni. Wiki iliyopita maboksi sita ya dawa ya saratani yalitoweka humo, na hakuna kilichovunjwa. Kuna haja gani ya kupiga ramli? Mtunza stoo akawekwa ndani. Jana mtaro wa nyuma ya stoo ulipozibuliwa, ukatoka ufunguo wa pili, unang'aa kama uliotoka dukani. Mkubwa wa kituo hakubabaika. "Huo kautengenezesha mwenyewe ili atuchanganye," alisema. "Leo baada ya chakula cha mchana anapanda mahakamani. Ukiwa na la kusema, liseme kabla ya hapo."

Inspekta hakuwa na la kusema bado. Alikuwa na mambo mawili tu yaliyomkera. La kwanza, kabati lilikuwa limejaa, na mwizi akachukua maboksi sita, mengine akayaacha yamepangwa vizuri. Mwizi gani anakadiria? La pili ni mtunza stoo mwenyewe. Alijibu kila swali bila kupepesa macho mpaka alipoulizwa kama ufunguo huwa anauvua. "Nikiwa jikoni nauvua," alisema, "maana ukipata joto la jiko unanichoma." Na nani huwa nyumbani ukiwa jikoni? Hapo mama wa watu akatazama ukuta, akafunga mdomo, na tangu hapo hakuufungua tena.

"Mkuu," Sajini alisema wakisubiri lango lifunguliwe, "mtu anayekataa kujitetea huwa ni mwenye kosa."

"Au anamtetea mwingine," alijibu Inspekta.

Lango lilifunguliwa na Mama Chuma mwenyewe. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, kitambaa kichwani na juu ya kitambaa miwani ya plastiki. Hakuomba kitambulisho. Alimwangalia Inspekta mikononi.

"Vua pete," alisema. "Na huo mtandio uchomeke ndani. Humu ndani mashine hazijui afande ni nani."

Sajini alicheka. Mama Chuma akamgeukia. "Na wewe, baba, tai hiyo."

Wakavaa miwani, wakaingia. Inspekta alikuwa ametegemea karakana kama alizozizoea tangu utoto: masizi, makelele, mafuta meusi sakafuni, watu wanagonga nyundo. Loo! Sakafu ilikuwa safi, ungeweza kulaza mtoto mchanga. Mashine zilikuwa zimesimama safu moja, nyeupe, kila moja kubwa kama chumba cha kulala, ina mlango na dirisha la kioo. Hakuna aliyekuwa anagonga chochote. Kulikuwa na mvumo mmoja tu, wa chini, uliopita miguuni kabla ya kufika masikioni.

Mbele ya mashine ya mwisho mkono mrefu wa chuma ulikuwa unafanya kazi peke yake. Ulijikunja, ukachukua bonge la aluminiamu kwenye meza, ukageuka taratibu, ukangoja mlango wa mashine ujifungue, ukaingiza bonge ndani, ukatoka, ukasimama pembeni kwa adabu.

"Huyo tunamwita Bwana Harusi," alisema Mama Chuma. "Kila asubuhi anafutwa, anapakwa mafuta, anasimama jukwaani, kazi zote anaandaliwa. Na hataki kuharakishwa."

"Halipwi?" aliuliza Sajini.

"Halipwi, hasusi, haombi ruhusa ya msiba. Lakini siku akiumwa, mfuko wangu wote unaumwa naye."

Inspekta alisogea dirishani. Ndani, kijiti chembamba chenye kishanga chekundu kwenye ncha kilishuka, kikaligusa bonge upande huu, kikarudi juu, kikagusa upande ule. Kilikuwa kinagusa kidogo sana, kama daktari anayetafuta mahali panapouma.

"Kinapapasa nini?"

"Kinatafuta chuma kimekaa wapi. Kikikuta kimesogea hata upana wa unywele uliopasuliwa mara kumi, mashine inajirekebisha yenyewe. Haya, angalia sasa."

Maji meupe kama maziwa yakamwagika. Kisu kikashuka kinazunguka kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuishika, na chini yake meza ikainama, ikajizungusha, ikainuka tena, kisu na meza vinafuatana kama watu wawili wanaocheza ngoma moja. Chembe za chuma ziliruka ukutani kama mvua ya mawe. Mkono mdogo ukatoka ubavuni, ukachomoa kisu kimoja na kupachika kingine, kufumba na kufumbua. Bonge lile halikuwa tena bonge. Lilikuwa linatoa mabawa, moja baada ya jingine, yamepinda kwa namna ambayo Inspekta hakuwahi kuiona kwenye kitu kilichotengenezwa na binadamu.

"Mungu wangu," alisema, na wala hakuona aibu. "Ni nini hiki?"

"Feni ya pampu ya maji. Mji mzima unakunywa kwa hiyo." Mama Chuma aliegemea mashine kwa bega. "Ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu wanafungua bomba, wanafikiri maji yanakuja kwa dua."

Inspekta alisimama pale mpaka Sajini alipokohoa. Miaka yote hii alikuwa akiwafuata watu kwa kile wanachoharibu. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alitazama kitu kikitengenezwa, na ilimpa shida kuondoa macho. Hatimaye alifungua bahasha, akatoa funguo mbili, akaziweka mezani: ule wa mtunza stoo na ule wa mtaroni.

Mama Chuma aliuchukua wa mtaroni. Uchangamfu ukamtoka wote.

"Umetoka hapa?" aliuliza Inspekta.

"Sijui." Aliugeuza kiganjani. "Lakini ndicho ninachoogopa. Twende kwenye kioo."

Kioo kilikuwa hadubini iliyounganishwa na skrini. Ufunguo ukatokea mkubwa kama mlango, na mifereji yake kama mitaro ya barabarani. Kwanza Mama Chuma alionyesha ule halali: kuta za mfereji zina meno meno, sakafu yake ina mikwaruzo. Kisha ule wa wizi. Hata Sajini akainama. Ulikuwa laini mwanzo hadi mwisho, mistari ya kisu imelala sambamba, hakuna uliopita mwenzake.

"Ala!" alisema Sajini. "Wa wizi mzuri kuliko wa halali?"

"Mzuri kupita kiasi," alisema Mama Chuma. "Inspekta, mashine haina akili. Inakwenda inakoambiwa. Mtu anaandika programu: pita hapa, shuka kiasi hiki, toka pale. Na kila anayeandika ana namna yake ya kukiingiza kisu kwenye chuma. Wengine wanakitumbukiza moja kwa moja, kinaacha kiduara. Mimi nakishusha kwa mteremko. Aliyeandika huu amekiingiza kwa kupinda, anatokea nje anaingia kama gari linavyokata kona. Unaona? Hakuna alama ya kuingilia."

"Wanaoandika programu humu ni wangapi?"

"Watatu. Mimi na wale."

Wale walikuwa wameitwa, wamesimama nyuma yao, wameona kila kitu kwenye skrini. Mmoja kijana wa miaka thelathini hivi mwenye miwani mbili, ya kusomea na ya kujikinga juu yake, waliyemwita Profesa kwa sababu hakuna alichoulizwa akakijibu kwa sentensi moja. Mwingine mtu mzima, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyosafishwa hadi kucha. Huyu walimwita Kimya, na huhitaji kuambiwa kwa nini.

"Mashine haiweki kumbukumbu?" aliuliza Inspekta.

"Anayejua kuandika anajua kufuta," alijibu Profesa haraka. "Kwanza, afande, kinadharia, karakana yoyote yenye mashine ya mihimili mitano kama hizi ingeweza. Pili, chuma hiki kinapatikana. Tatu..."

"Wewe unaingiza kisu vipi?"

Profesa akafunga mdomo, jambo ambalo, kwa jinsi Mama Chuma alivyomtazama, halikuwa la kawaida. "Inategemea," alisema.

Inspekta alimgeukia Kimya. "Na wewe?"

"Inategemea," alisema Kimya.

Inspekta alitazama saa ya ukutani, akawaza gari la mahakama. Akamwambia Mama Chuma anachotaka. Kila mmoja wao watatu aandike programu ya mfereji mmoja mdogo, umbo lilelile, kwenye kibamba cha chuma, bila kuangaliana. Mashine ivikate vyote vitatu mbele ya kila mtu.

"Ni vya kutupa," aliongeza. "Vikishakatwa, nikishaviangalia, vinakwenda kwenye pipa. Msijisumbue."

"Afande anatutungia mtihani," alisema Profesa, na kicheko chake kikaishia njiani.

Wakaandika, kila mtu na skrini yake. Profesa aliandika haraka, akafuta, akaandika tena. Kimya aliandika kwa vidole viwili bila kusimama. Mama Chuma naye akaandika, ingawa jasho lilikuwa linamtiririka. Ilikuwa nyumba yake, na wote wawili aliwalea.

Bwana Harusi akabeba kibamba cha kwanza. Mlango ukafunga. Hata sasa Inspekta hakuweza kutotazama. Kishanga kikapapasa, maji yakamwagika, kisu kikateremka polepole kwa mshazari. Hicho cha Mama Chuma. Cha pili kikaingia: kisu kikatokea pembeni, kikapinda, kikazama ndani ya chuma bila kusita. Sajini akamkanyaga Inspekta mguu. Hicho kilikuwa cha Profesa.

"Sikilizeni," alisema Profesa, rangi imemtoka. "Sikilizeni jamani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa! Mtu anaandika alivyofundishwa!"

"Subiri," alisema Inspekta.

Cha tatu. Kisu kikashuka wima kama jiwe, kikatumbukia, kikaacha kiduara, kikaenda zake. Kikamaliza mfereji. Sajini tayari alikuwa anatafuta pingu kiunoni, macho kwa Profesa. Lakini mashine haikusimama. Mkono mdogo ukatoka ubavuni, ukachomoa kisu, ukaweka kingine chenye ncha iliyochongoka, na hicho kikazunguka ukingo wa mfereji mara moja, kwa wepesi, kikainuka. Ndipo maji yakakata.

"Mbona kimebadilishwa tena?" aliuliza Inspekta.

Mama Chuma alikuwa amekitazama kile kibamba cha tatu kama mtu aliyeona mwanawe amelala barabarani.

Vibamba vikaletwa mezani, bado vimelowa. Inspekta hakuvipeleka kwenye kioo. Alifanya alichokuwa akifanya mama yake akinunua kisu sokoni: akapitisha kidole gumba ukingoni. Cha Mama Chuma kilikwaruza. Cha Profesa kilimkata, tone la damu likachuruzika, akalinyonya. Cha tatu kilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Akauchukua ufunguo halali: unakwaruza. Akauchukua ufunguo wa mtaroni, akapitisha kidole huku na huku, kwenye kila kishimo na kila mfereji. Hakuna palipomshika.

"Niliwaambia ni vya kutupa," alisema polepole. "Wawili wakanisikia."

Mama Chuma aligeuka. "Kimya. Tangu lini unatumbukiza kisu hivyo? Si wewe uliyemfundisha Profesa kupinda? Si wewe uliyempiga mtoto wa watu makofi ya mgongo kwa kutumbukiza?"

Kimya alikuwa amekiinua kibamba chake. Alipitisha kidole ukingoni, kama Inspekta alivyofanya, na uso wake ukawa wa mtu anayesoma barua ya mwandiko wake asioukumbuka.

"Sikumbuki kuliandika hilo la mwisho," alisema.

"Ulikumbuka kubadilisha namna ya kuingia," alisema Inspekta, "kwa sababu ulisikia tunalizungumza. La kingo hakuna aliyelizungumza."

"Huwezi kumpa mtu kitu chenye kingo kali. Atajikata." Akakiweka chini. "Mkono umeandika wenyewe, mama."

"Mazoea yana taabu," alinong'ona Sajini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakucheka.

Profesa aliketi sakafuni palepale aliposimama, akavua miwani zote mbili.

Inspekta alivuta kiti, akamwekea Kimya. "Mtunza stoo ni nani yako?"

"Shemeji. Dada mkubwa wa mke wangu."

"Na mke wako anaumwa."

"Titi." Alitazama mikono yake. Halafu yakamtoka maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema humo ndani, Mama Chuma alieleza baadaye, kwa mwaka mzima. "Hatukumwambia mtu, yeye hakutaka. Foleni ya ile dawa ni ndefu. Nilikwenda kwa shemeji, nikamwomba. Akalia, akaniambia foleni ni foleni, ukimsogeza mmoja umemsukuma mwingine. Nilimwelewa. Ndiyo maana sikumwomba tena. Jumapili tulikwenda kula kwake. Alikuwa jikoni, ufunguo uko mezani, nikaupima. Kalipa, kile kipimo chetu mafundi, huwa ninayo mfukoni. Kesho yake nikauchonga hapa wakati wa chakula. Mchana ule stoo ilikuwa na watu wengi, hakuna anayemwangalia fundi mwenye ovaroli. Nikachukua ya mtu mmoja, nikafunga, ufunguo nikautupa mtaroni."

"Hizo dawa zilikuwa za mtu."

"Najua. Simjui ni nani. Ndiyo maana niliweza."

"Na shemeji yako amelala selo. Kwa nini hukujitokeza?"

"Kila asubuhi nilisema leo watamwachia. Hana kosa, kwa nini wasimwachie? Nikimpa mke wangu kidonge, nasema leo. Nikija kazini, nasema leo."

"Mke wako anajua?"

"Anadhani zamu yake imefika. Anamshukuru dada yake kila siku. Anasema akipona atamshonea gauni."

Mama Chuma alikwenda kusimama mbele ya mashine na kuwapa mgongo.

Inspekta alipiga simu kituoni. Gari la mahakama lilikuwa limeshawashwa. Akaamuru lizimwe, mtunza stoo arudishwe ndani, apewe simu. Akaiweka yake mezani, sauti juu, akamwambia Kimya, "Mwambie mwenyewe. Ni haki yake kusikia kwako."

"Shemeji," alisema Kimya. "Ni mimi. Nimewaambia."

Kutoka upande wa pili ikaja sauti ambayo Inspekta hakuwahi kuisikia kwenye chumba cha mahojiano, sauti ya dada mkubwa aliyekasirika.

"Nani amekutuma useme? Nakuuliza, nani? Mimi nimekaa hapa nimefunga domo langu, wewe umeshindwa kufunga lako, na watu wanakuita Kimya!"

Inspekta aliinama juu ya simu. "Ulijua?"

"Nilijua siku ileile, Inspekta. Mwizi wa kuuza angebeba kabati zima. Maboksi sita ni dozi ya mtu mmoja. Mimi ndiye ninayeyahesabu kila siku, nisijue?"

"Ulikuwa tayari kufungwa."

"Nilikuwa tayari kukaa. Mimi sina mgonjwa wa kumgeuza usiku akitapika. Mume wa mdogo wangu anaye. Kazi ya kwenda jela nani alikuwa aifanye, yeye?" Akavuta pumzi. "Na usifikiri nimemsamehe. Nilikuwa namtengea chakula, Inspekta, namchagulia mnofu, na yeye ananipimia ufunguo mezani kwangu."

Kimya aliufunika uso kwa mikono ile mikubwa.

"Zilikuwa za nani?" aliuliza Inspekta.

"Za mwalimu mmoja mstaafu. Anasubiri mzigo ujao. Kila asubuhi anakuja kuuliza kwa upole, na sasa hata wa kumjibu hayupo."

Kimya alitoa sauti ndogo. Sasa alikuwa anamjua.

Inspekta alikuwa amekwisha kuliona hilo lingine, na alijua dada mkubwa naye ameliona, maana sauti ilibadilika, ikashuka, ikawa ya mtu anayeomba na hajazoea kuomba. "Inspekta. Hayo maboksi. Sheria inasema mtayakamata?"

"Ni kidhibiti."

"Yameshafunguliwa. Dawa iliyofunguliwa haimrudii mwalimu wala hapewi mtu mwingine, sheria ya stoo ni hiyo, nimeisimamia mwenyewe. Na yeye ameshaanza. Ikikatwa katikati, ugonjwa unarudi na hasira. Mtayatia kwenye mfuko wenu wa plastiki, yatakaa kabatini kwenu mpaka kesi iishe, na hayatamfaa kiumbe yeyote."

Sajini aliangalia viatu vyake. Bwana Harusi alikuwa amesimama pembeni akisubiri kazi ambayo hakuna aliyempa.

Inspekta alitia ufunguo wa mtaroni kwenye bahasha, akatia na kibamba cha tatu, akalamba gundi, akafunga. Miaka yote hakuwahi kuacha kidhibiti hata kimoja nyuma yake. Ndiyo maana wakamwita walivyomwita. Alimfunga Kimya pingu mwenyewe, kwa mbele, bila kuzibana.

"Mama," alisema kwenye simu, "leo unatoka. Ukitoka nenda moja kwa moja kwa mdogo wako. Nitakuja kesho kukamata maboksi, na nitayahesabu yote sita, sitaki pungufu hata moja."

Aliichomeka bahasha mfukoni.

"Lakini mimi nakamata maboksi matupu," alisema Inspekta. "Kwa hiyo nitakuwa nakuja kuchukua moja moja, kila likiisha."